Ngozi Niliyoinunua Mikumi

Wenzangu mnaobaki idarani mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mengine nimeshayasahau, hasa yale yaliyonipa sifa, kwa hiyo msishangae mkiona nimebaki na haya. Sitaandika habari za vyeo. Nilipandishwa kidogo, nikahamishwa meza, nikarudishwa. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Hakuna aliyenifukuza, ingawa nakiri pia kwamba hakuna aliyenibembeleza nibaki.

Nilifika Kilosa nikitoka chuo kikuu moja kwa moja, na shahada yangu ya sanaa ndani ya bahasha ya plastiki. Ofisi ya utamaduni ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililogoma kufunguka. Ndani alikuwapo Bi Agripina, afisa aliyeitumikia idara ile tangu mimi niko shule ya msingi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye faili.

"Umesomea nini, mwanangu?"

"Sanaa za kisasa, mama. Hasa uhusiano wa binadamu na malighafi."

"Malighafi gani?"

"Yoyote."

"Vizuri. Nyuma ya kabati kuna ngoma tatu zimetobolewa na panya. Anza na hizo."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Wiki nzima nilikesha usiku na nadharia zangu kichwani, na mchana nikajifunza kulowanisha ngozi ya mbuzi, kuivuta, na kupigilia vigingi vya mti. Bi Agripina ndiye aliyenifundisha pia kutundika picha sawasawa kwa mpira wa maji. Unajaza maji mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na mahali maji yanapotulia pande zote mbili ndipo unapopiga alama ukutani. Mpaka leo sijaona kifaa kinachosema ukweli kama kile. Mnaotumia simu kupima usawa wa ukuta, endeleeni. Nimeziona kazi zenu.

Lakini nadharia hazikuniacha. Chuoni tulifundishwa kwamba baada ya vita vyao vikubwa viwili, wasanii wengi wa Ulaya waliichoka marumaru na rangi za mafuta. Ustaarabu ulioabudu vitu vizuri ulikuwa umeua watu kwa mamilioni. Basi wakaokota magunia, mbao zilizoungua, vyuma chakavu, vitambaa, makaa, wakasema: huyu ndiye mtu wa leo, ameumbwa kwa vilivyobaki. Wengine waliacha kabisa kuchora mtu au kitu. Wakabaki na mstari, duara na rangi, wakidai kwamba umbo lisilosimulia chochote ndilo linaloingia rohoni bila kubisha hodi. Mimi nilivipenda vyote viwili, malighafi inayokumbuka na umbo lisilo na maana. Sikuona kwamba siku moja vinaweza kukutana kwenye kitu kimoja na kugombana mbele yangu.

Kwa miaka mingi sikupata nafasi ya kuvitumia. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha vikundi vya ngoma, kusuluhisha waimba kwaya, na kuwashawishi wachongaji wa Mikumi, wale wanaouza kando ya barabara kuu, wachonge kitu kingine zaidi ya simba. "Afisa," mmoja aliniambia, "mtalii ametoka mbugani hajaona simba. Unataka nimuuzie wazo?" Nilinunua simba.

Kisha miaka michache iliyopita tukapata wafadhili wa maonyesho. Sharti lao lilikuwa moja: yahusu kuishi pamoja kwa wakulima na wafugaji, na kila upande uchangie vitu vyake. Nikaruka kwa furaha. Niliandika andiko refu lenye maneno kama "kumbukumbu ya malighafi", nikampata na msanii, Tabitha, fundi wa kuchomelea vyuma pale Magomeni ya Kilosa. Asili yake ni milima ya Berega, binti wa familia ya Kianglikana isiyokosa ibada, na mchana alitengeneza mageti na vitanda. Jioni alitengeneza watu. Watu wake walikuwa na magoti ya bawaba na vidole vya misumari, na ukiwatazama muda mrefu unaona aibu kana kwamba wewe ndiye uliyevuliwa.

Alitengeneza mtu mrefu kuliko mlango. Miguu ya springi za lori, mbavu za spoki za baiskeli, mabega ya majembe yaliyokatika. Majembe yalitoka kwa kaka yake, Yohana, mkulima wa Mvumi ya huku wilayani kwetu, na kwa majirani zake. Kifua alikiacha wazi.

"Hapa panataka ngozi ya ng'ombe," aliniambia. "Wafugaji watatoa?"

"Watatoa," nikasema.

Hawakutoa. Na walikuwa na sababu ambayo wilaya nzima iliijua. Mzee Loserian, mfugaji mwenye boma upande wa bondeni, alikuwa amepotelewa na mtamba wake karibu na shamba la Yohana. Alisema mbele ya baraza la kata: "Mtamba wangu aliingia kwa Yohana. Hakutoka." Yohana aliapa kwamba hakumwona. Polisi walimwita mara mbili, wakamwachia mara mbili, na kuachiwa huko hakukumsafisha. Mkewe alipokwenda kisimani wenzake walinyamaza. Yeye mwenyewe aliacha njia ya mkato ya kuelekea barabarani, kwa sababu ilipita karibu na malisho, na vijana wa pale walikuwa wameshamwambia watamfanya nini wakimkuta peke yake. Hivyo nilipokwenda kuomba ngozi ya kumvisha mtu wa dada yake, niliambiwa kwa adabu kabisa nirudi nilikotoka.

Siku za maonyesho zikakaribia. Ripoti ya wafadhili ilikuwa na mstari unaosema "mchango wa jamii ya wafugaji", na mstari ule ulikuwa mtupu. Nikapanda gari hadi Mikumi. Nyuma ya bucha moja nikamkuta mtu mwenye kofia ya sufu anauza ngozi zilizokaushwa kwa chumvi. Moja ilinishika macho. Ilikuwa nyekundu iliyopauka, na penye bega la kushoto palikuwa na alama ya kuunguzwa: duara lililokatwa na mistari miwili. Ilikuwa nzuri mno. Nikafikiri, tazama, mkono wa mchungaji asiyejua umechora kitu ambacho watu wa Ulaya walihitaji vita viwili kukifikia. Nilitaja bei, muuzaji akakubali papo hapo. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka, maana Mikumi hakuna anayekubali bei ya kwanza. Mimi nilimpiga picha akiwa ameishika ngozi, kwa ajili ya ripoti, nikaondoka bila risiti.

Ofisini nikaandika lebo kwa herufi nzuri: *Ngozi: zawadi ya wafugaji.* Tabitha aliisoma, akafurahi. "Kwa hiyo wamekubali," akasema. "Labda na mambo ya kaka yataisha." Sikumsahihisha. Nilimsaidia kubana ngozi kwa waya, na nikamsihi ile alama aiweke mbele, katikati ya kifua.

Maonyesho tuliyaweka kwenye ghala la zamani la mkonge. Siku ya ufunguzi, saa tatu asubuhi, watu walikuwa wamejaa, na mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani, kama kawaida ya wageni rasmi. Yohana alikuja na shati la kanisani, akasimama karibu na dada yake. Dakika chache baadaye akaingia Mzee Loserian na vijana wake wanne. Nilikuwa nimewapelekea barua ya mwaliko, kwa kuwa niliamini hawatakuja. Watu wakajigawa wenyewe, upande huu na upande ule, bila mtu kuwaambia. Nilitaka kujaza ukimya, nami nina njia moja tu ya kujaza ukimya.

"Ndugu zangu," nikaanza, "wakati tunamsubiri mgeni rasmi, tazameni kifua cha huyu mtu. Mnaona hii alama? Wengi mtauliza ina maana gani. Nawaambia, haina maana! Hiyo ndiyo nguvu yake. Sanaa dhahania inatuambia kwamba umbo..."

"Hiyo ni alama yangu."

Alikuwa Loserian. Hakupaza sauti. Alisogea, watu wakampisha, akasimama mbele ya yule mtu wa chuma, kichwa chake kikafika mabegani mwa sanamu.

"Kisanaa, mzee wangu, tunaposema haina maana..."

"Niliichoma mwenyewe. Chuma kiko nyumbani." Akaweka kidole chini kidogo ya alama. "Na hapa aliingia mwiba, pakaoza, nikapatibu. Kovu hili. Huyu ni mtamba wangu."

Ghala zima lilisikia. Mmoja wa vijana wake akamnyooshea Tabitha fimbo. "Na aliyemshona hapa ni nani? Si dada wa Yohana!"

Wote wakamgeukia Yohana. Kijana mwingine akarudi nyuma, akasukuma mlango wa bati ukafungwa.

"Tabitha," Yohana akasema. "Hii ngozi umeitoa wapi?"

"Nililetewa."

"Na nani?"

Tabitha alinitazama. Hakunitaja, na mpaka leo nadhani alinipa nafasi nisiyostahili. Akasema tu, "Someni lebo."

Loserian akainama, akaisoma polepole kwa sauti. "Zawadi ya wafugaji." Akanyooka. "Mfugaji gani amenipa zawadi ya ng'ombe wangu?"

Nataka niwaambie kwamba nilisema pale pale. Sikusema. Nilichosema, mbele ya watu zaidi ya mia, ni hiki: "Naomba tuwe watulivu, tumsubiri mgeni rasmi." Kuna mtu nyuma alinisonya, na alikuwa na haki.

"Mnaona!" kijana wa kwanza akapaza sauti. "Amemchinja, nyama amekula, ngozi amemletea dada yake achezee! Na leo ametualika tuje tuione!"

"Koma wewe!" Yohana akajibu. "Mimi sijala nyama ya mtu!"

"Miezi mitatu unaapa. Kwa Mungu yupi?"

Fimbo zikainuka. Yohana akarudi nyuma mpaka akagonga yule mtu wa chuma, akapeleka mkono juu, akakamata jembe la begani akalivuta. Halikutoka. Akalivuta tena kwa mikono miwili, sanamu lote likatikisika, spoki zikalia. Tabitha alikuwa fundi mzuri. Weldi yake ilishika. Nafikiri weldi ile ndiyo iliyookoa maisha ya mtu siku hiyo, maana kama jembe lingetoka, ningekuwa naandika mambo mengine.

"Niliinunua mimi," nikasema.

Sauti haikutoka vizuri. Nikarudia. "Ngozi niliinunua mimi. Mikumi."

Loserian akanyoosha mkono kuwazuia vijana wake, bila kuacha kunitazama. "Kwa nani?"

"Sikumuuliza jina."

"Ukapewa risiti?"

"Hapana, mzee."

"Na haya maandishi?"

"Niliyatunga. Nyinyi mlikataa kutoa, na mimi nilikuwa na mstari wa kujaza."

"Mstari," akasema. "Bwana Utamaduni, wewe umesoma?"

"Nimesoma, mzee. Chuo kikuu."

"Ulisomea nini huko?"

Ningeweza kudanganya tena. "Vitu, mzee. Vitu vinavyosema habari za watu."

Mama mmoja upande wa wakulima alicheka kwa pua. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Anamkinga rafiki yake," kijana akasema. "Ofisi ni yao, fundi ni wao, uongo ni wao."

Hapo ndipo nilipokumbuka picha. Nilitoa simu, na vidole vyangu vilikosea namba ya siri mara mbili huku wote wakinisubiri. Nikaipata: bucha, ngozi imenyooshwa, alama inaonekana wazi, na nyuma yake mtu mwenye kofia ya sufu anatabasamu. Nilimpa Loserian. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akamwita kijana wake mkubwa. Wakaongea kwa lugha yao, maneno machache. Kijana ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza.

"Huyu," Loserian akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "alikuwa akinichungia. Aliondoka wiki ile ile, akasema mama yake anaumwa. Mimi nilimpa na blanketi la safari."

Fimbo ziliteremka moja moja. Hakuna aliyepiga makofi wala kushikana mikono. Yohana aliachia jembe, akakaa sakafuni palepale na shati lake la kanisani, akajifunika uso.

Askari mmoja aliyekuwa nje akimsubiri mgeni rasmi aliingia, akachukua maelezo yangu. Niliandika yote, kuanzia bucha mpaka lebo, na mnaopenda kujua kilichonipata ofisini kisomeni kwenye faili langu, kipo. Yule muuzaji walimtafuta. Tabitha alikuwa ameshachukua koleo.

"Mzee, nikukatie ngozi yako?"

"Nikatie."

Na mimi, jamani, hata baada ya yote yale, nilifungua mdomo. Nilisema kwamba labda ikiachwa pale, na ukweli wake ukaandikwa chini, itakuwa na nguvu zaidi kama kazi ya sanaa.

"Afisa," Tabitha akasema bila kugeuka, "nyamaza."

Alikata waya moja baada ya nyingine. Loserian aliipokea ngozi kwa mikono miwili, akaikunja manyoya kwa ndani. Mgeni rasmi aliwasili wakati huo, akatembezwa, akasimama mbele ya yule mtu mwenye mbavu za spoki na kifua kitupu, waya zimechomoza. Akasema hii ndiyo kazi iliyomgusa kuliko zote, akauliza hicho kifua wazi kinamaanisha nini. Watu wote walinitazama. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilimwambia mgeni rasmi kwamba sijui.

Baada ya hotuba, Loserian alinikuta nje. "Una gari?"

"La ofisi, mzee."

"Nilimsema Yohana mbele ya watu wa Mvumi. Leo nimesikika Kilosa. Mvumi hawajasikia. Nipeleke."

Tulikwenda wanne: yeye mbele na ngozi mapajani, Tabitha na Yohana nyuma. Nilijaribu kuwasha redio, Tabitha akanyoosha mkono kutoka nyuma, akaizima. Tulipofika, mkewe alikuwa anapukuchua mahindi peke yake uani, na jirani zake wakipukuchua ya kwao ng'ambo ya uzio. Waliona shuka jekundu linashuka kwenye gari, na mkewe akasimama haraka, akawavuta watoto ndani.

Yohana akashuka, akatembea hadi mlangoni kwake, akageuka. Mila mnaijua: yeye ni mdogo, Loserian ni kama baba yake, ilikuwa zamu yake kuamkia, tena kwake nyumbani. Hakuamkia. Alisimama na mikono nyuma. Majirani waliacha mahindi. Nilihesabu kwa hofu fimbo zilizokuwapo, nikakuta moja tu, ya Loserian, na alikuwa ameiacha garini.

Loserian akaitandika ngozi chini, alama juu, ili kila mtu aione. Akasema mtamba ameonekana, aliyemuuza ni mtu wake mwenyewe, na maneno aliyoyasema barazani yalikuwa ya uongo ingawa yeye aliyaamini. Kisha akasogea hatua mbili, akainamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo, Yohana."

Nimehudhuria sherehe nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka. Sijawahi kuona mzee akimwamkia kijana mbele ya watu. Mkewe Yohana alitoka mlangoni mkono uko mdomoni.

"Unanikejeli, mzee?" Yohana akauliza.

"Hapana."

"Basi usinifanyie hivyo. Nitakuitikiaje mimi?"

"Utakavyo. Au usiitikie. Miezi mitatu hukuitikiwa wewe."

Yohana alitazama ngozi, akamtazama dada yake, akatazama jirani zake mmoja mmoja, wale waliokuwa wamemnyamazia mkewe kisimani. Nilidhani ataingia ndani na kufunga mlango, na kama angefanya hivyo nisingemlaumu. Badala yake akapiga goti moja, si kwa upole, kama mtu anayeweka chini mzigo uliomuumiza.

"Shikamoo, mzee."

Loserian akamwekea mkono kichwani.

"Marahaba."

Mkewe Yohana akatoa kiti, kimoja, akamwekea Loserian. Tabitha akakaa kwenye gunia la mahindi. Mimi nilibaki nimesimama pembeni ya gari la ofisi mpaka jua lilipoanza kunishika kisogoni. Hakuna aliyenisalimia, na ilikuwa sawa.